Karatasi Mbili za Sindano

Kashindi mwanangu,

Anayekuandikia ni minye, mimi mujomba wako, muntu ambaye bila yeye bandari ya Kalundu hailali wala haiamki. Usiseme naongeza. Hata vita ilipoingia mujini, wenye bunduki walipofika bandarini neno lao la kwanza lilikuwa: "Mukubwa wa hapa iko nani?" Wabebaji wote wakanionyesha minye kwa kidole. Ni kweli walikuwa wanatafuta mgongo wa kubeba masanduku yao, lakini kuulizwa, niliulizwa.

Shule niliachia la tano, unajua, ndiyo maana mistari yangu inapanda kama njia ya milimani. Mama Riziki, mke wangu, ndiye aliyechomoa karatasi hii katika daftari, akaiweka mbele yangu: "Kama umeshindwa kusema na watu, basi sema naye." Kwa sababu sisemi tena, Kashindi. Minye, kunyamaza! Wabebaji wananichokoza: "Mukubwa, leo hukuvuta boti kwa meno?" Nawapita tu. Mwanzoni walicheka. Sasa hata wao wameacha.

Musalaba wako bado uko mu nyumba. Umeegemea ukuta, pale ulipokuwa unaweka viatu vyako vya mupira. Fundi wa mtaa wa Rugenge aliuchonga vizuri, mbao ngumu, akaandika jina lako lote, kisha akaniuliza: "Papa, alizaliwa mwaka gani?" Nikamwambia angoje. Ni miezi mitano sasa. Mama Riziki anafagia kuuzunguka kila asubuhi.

Kiwanja chenu cha mupira hungekitambua. Watu waliokimbia kutoka bonde la Ruzizi wamepiga shitingi zao pale, yale maturubai ya plastiki, na milingoti ya goli imefungwa kamba za kuanikia nguo. Katikati kabisa, pale weye ulipokuwa unasimama kungoja filimbi, mama mmoja amepanga mawe yake matatu, anasonga bugali. Nilienda nikasimama karibu naye. Akaniuliza ninatafuta nani. Nikamsukumia kuni moja ndani ya moto, nikaondoka.

Watu husema mupira ulifundishwa na antrenere, kocha wenu. Uongo. Mupira ulifundishwa na Kalundu. Ulipokuwa mudogo, mama yako, yaya yangu Furaha, dada yangu mukubwa, alikuwa anauza ndagala, wale samaki wadogo, pale boti zinaposhushia, na weye ulikuwa unapiga balo yako ya mifuko na kamba katikati ya wabebaji. Wanatembea msururu, kila muntu gunia la chumvi kichwani, hawaoni chini. Balo ikimgonga muntu mguu, gunia linaanguka na weye unapigwa kofi. Kwa hiyo ulijifunza kuipitisha. Ulikuwa unatazama kushoto, unatazama kulia, unangoja, halafu tik, inapita katikati ya miguu ya watu kumi na mbili bila kugusa hata ukucha. Minye ndiye niliyesimama juu ya magunia nikapiga kelele: "Huyu si mutoto, ni sindano!" Jina likabaki. Hilo, Kashindi, ni kweli kabisa, waulize.

Tulipokimbilia ng'ambo ya ziwa mara ya kwanza, mama yako akafariki kwa homa, tukamzika ugenini. Usiku ulilala ubavuni kwangu na ulikuwa unaniomba kitu kimoja tu. "Mujomba, sema tena ile ya mvua." Nami nasema. Kwamba siku uliyozaliwa ziwa lilipanda mpaka barabarani. Kwamba mama yako alishikwa na uchungu sokoni, nikambeba minye peke yangu mikononi, maji kiunoni, mpaka hospitali. Kwamba mkunga alipokutoa, wa kwanza kukupokea alikuwa minye, ukanipiga teke hapa kifuani, nikasema: huyu ni wa mupira. Ulikuwa unacheka. Ulikuwa unauliza: "Teke la mguu gani?" Nami nasema, wa kushoto. Na kweli ukawa wa mguu wa kushoto. Mungu wangu.

Sasa nifike pale ninapoogopa.

Unakumbuka siku antrenere wa Bukavu alipokuja kukutazama. Mulicheza na timu ya mujini, weye milieu, muchezaji wa kati, namba nane mgongoni, na nusu saa nzima hukukimbia. Ulitembea tu, kama muntu anayetafuta ufunguo alioangusha, na kila balo ikapitia kwako. Antrenere alikuja baada ya mechi, jasho linamtoka yeye utafikiri ndiye aliyecheza. Akakuuliza una miaka mingapi. Ukafungua mdomo. Nikakutangulia: "Kumi na saba! Kama minye nilipoanza."

Hakuna aliyenituma. Hakusema anataka watoto. Nilitaka tu ashangae zaidi, halafu anitazame na minye. Akashangaa kweli. Akasema kumi na saba ni vizuri sana, ulete karatasi ya kuzaliwa. Na kitambulisho chako kilikuwa kinasema ishirini na moja.

Muntu mwingine angemkimbilia yule bwana na kumwambia, samahani, mdomo uliteleza. Minye nilienda kwa mwandishi mmoja, sitasema wa biro gani ya serikali, akatupatia karatasi ya kuzaliwa yenye kumi na saba yangu. Ulisema: "Mujomba, na hii ya zamani niitupe?" Nikakujibu, nakumbuka nilivyotanua kifua: "Tembea nazo zote mbili. Watu wa mupira wakiuliza, toa hii. Watu wa serikali wakiuliza, toa ile. Sikiliza muntu anayejua dunia." Ukazikunja zote mbili, ukazitia katika soksi ya mchezo. Ulinisikiliza. Siku zote ulinisikiliza, na hiyo ndiyo inayonikata.

Ulicheza Bukavu mechi saba. Ya tatu ilitangazwa redioni, nikakusanya bandari nzima. Yule wa redio akasema, "Sindano, kijana wa miaka kumi na saba kutoka Uvira," na wabebaji wakaanguka kwa kicheko: "Kumi na saba! Basi nasi ni wa mwaka jana!" Ulipotoa ile pasi ya goli nilirusha kofia yangu majini. Haijarudi. Siku ile nilifikiri nimekuzaa minye.

Halafu vita ikarudi, timu ikawaambia kila muntu aende kwao.

Yote ninayojua nilipewa na Bitondo, golikipa wenu, mulikuwa pamoja juu ya kamiyo, lile lori la kurudi. Alikuja hapa siku ya pili, miguu mitupu, akakaa chini mulangoni. Alisema bariere, kizuizi cha barabarani, ilikuwa baada ya kijiji cha Katogota. Wale wenye bunduki, wa upande gani hakujua, na minye sitaki kujua. Waliwashusha wote, wakamwaga mifuko. Bitondo alikuwa na kadi ya shule moja, iliyochanika. Wakamwacha. Kwako ikaanguka soksi, na ndani ya soksi karatasi mbili.

Anasema mukubwa wao alizishika moja huku, moja huku, akakutazama. "Sura moja, watu wawili. Ule wa kweli iko wapi?" Ukasema wa kitambulisho. Akasema kupeleleza ndiyo kazi ya muntu wa majina na miaka mingi. Ukasema hapana, ni mambo ya mupira tu, mimi ni milieu. Wakacheka. Akakuuliza nani anaweza kushuhudia ulizaliwa lini.

 Mama Riziki akampa Bitondo maji, akanywa, akasema maneno yako bila kunitazama:

"Muulizeni mujomba wangu wa Kalundu. Siku niliyozaliwa alikuwako. Yeye ndiye anajua."

Wakakupeleka nyuma ya shamba la mihogo. Wengine waliambiwa wapande kamiyo.

Wakulima wa Katogota ndio walikuleta, kwa kinga, baiskeli yao, umefungwa katika shitingi. Watu wawili walisukuma kinga ile toka bondeni mpaka hapa, hawakutaka hata chai. Mmoja alikuwa amekunja soksi yako mfukoni akanipa. Ilikuwa tupu.

Tulikuzika kwa haraka, kwa sababu ya milio ya risasi. Mkono wangu ulishika kamba moja ya jeneza, na hapakuwa na uzito wowote, Kashindi. Minye niliyezoea gunia. Hukuwa na uzito.

Tangu hapo natafuta mwaka wako. Nilienda parokia, kile kitabu cha ubatizo hakiko, kilichukuliwa siku ya uporaji. Baadaye Mama Riziki alinunua karanga sokoni, akakuta zimefungwa katika ukurasa wa kitabu kile, jina la mutoto wa muntu mwingine. Basi nikaanza kununua karanga. Kila siku, kwa kila mama, nafungua karatasi, nasoma, naiweka chini ya godoro. Karanga nawapa watoto wa kwenye shitingi. Nimesoma ubatizo wa nusu ya mji huu. Wako haukutokea, na wiki hii wauzaji wameanza kufungia karanga katika majani ya migomba. Kurasa zimekwisha.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho nitamwambia fundi asiandike mwaka. Jina lako, chini yake Sindano, basi. Nitaubeba musalaba minye mwenyewe mpaka kaburini kule juu, bila kumwita mubebaji, na nikiulizwa njiani ulikuwa na miaka mingapi nitasema sijui. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na kwa muntu kama minye si ndogo: kusema sijui, kila siku, kwa kila atakayeuliza, mpaka nikufuate. Lala, mwanangu. Msalimie yaya yangu. Yeye atakuambia ukweli, kwa hiyo afadhali nikuambie kwanza.

Hapakuwa na mvua. Siku uliyozaliwa nilikuwa nimelala Kalundu juu ya magunia ya ndagala, nimelewa kasiksi, pombe ya ndizi, sijui hata ilikuwa juma gani. Nilipofika nyumbani ulikuwa umekwisha kupewa jina. Niliona haya, nikaanza kusimulia jinsi nilivyombeba, na mama yako aliyenijua akacheka, akaniachia. Ule mwaka wa kitambulisho pia niliutaja minye, mama yako hayuko tena, kwa kukisia.

Sikuwako, Kashindi.

Mujomba wako