Koti Lako Jeupe la Maabara

Yaya Aline,

Hukupenda kuzungushwa, basi nianze na ukweli: nakuonea wivu. Wewe, dada yangu, umelala kwenye udongo wa Kashebere, mimi mdogo wako niko hai, na bado mwenye wivu ni mimi.

Siku ya kumaliza matanga mama aligawa nguo zako. Vitenge vilienda kwa mashangazi. Mimi nikapewa koti lako la maabara, lile lenye doa la zambarau kwenye mkono. Wote wakasema limepata mwenyewe, kwa kuwa nasomea kazi yako ileile.

Laiti wangejua ninavyosoma! Tangu vita vifunge njia ya Goma, chuo chetu kimo ndani ya simu. Napanda kilima nyuma ya kanisa kutafuta rezo, yaani mtandao. Profesa akianza kuonyesha jambo, picha inaganda, ikirudi, ameshamaliza. Hata hivyo, somo la kupima damu nilipata kumi na sita juu ya ishirini. Unakumbuka nilivyokucheka, wewe na kumi na mbili yako? Ulinijibu: "Mudogo, ile kumi na mbili iko mu mikono yangu."

Sikuelewa mpaka Jumatatu. Mama Kavira, muuguzi uliyefanya naye kazi kwenye kituo cha afya, aliniita. Mama mmoja aliyekimbia kutoka Ngungu alileta mtoto mwenye homa. Nikavaa koti lako, nikabandika jicho kwenye hadubini yako, nikazungusha skrubu ya kushusha lenzi. Ka! Lenzi ikavunja kile kioo chembamba chenye tone la damu. Kwenye masomo ya simu hakuna kioo kilichowahi kunivunjikia. Mtoto akachomwa kidole mara ya pili, akalia huku akiniangalia. Mama Kavira aliongea kwa upole, na upole huo ndio uliouma: "Aline alikuwa anashusha polepole, macho inje kwanza."

Nilikuchukia, Yaya. Nisamehe. Uliniambia ulivunja vioo vitatu mwaka wa kwanza, na asistanti wa profesa akakugombeza mbele ya darasa zima. Hata kugombezwa huko nakuonea wivu. Mtu alisimama nyuma yako akaona kosa lako. Kosa langu lilisubiri damu ya mtoto wa watu.

Sasa kila asubuhi niko kwa Mama Kavira. Naosha vioo, napaka damu rangi, nashusha lenzi nikiichungulia kwa pembeni. Ananigombeza vizuri kabisa. Juzi chupa ya rangi ilinimwagikia. Mama yetu alitaka kuchukua koti alifue, nikamkatalia. Kuna doa lako, na sasa kuna langu, dogo kidogo.

Nakuahidi: siku nitakayomwona mdudu wa malaria ndani ya damu kwa jicho langu, bila kuonyeshwa, nitakuja kaburini kukuambia, na nitajivuna mpaka uchoke.

Pumzika, Yaya. Koti silirudishi.

Mdogo wako,
Solange