Ghorofa la Bwana Sefu Halina Kituliza Chetu

Dada Mwanaidi,

Ghorofa la Bwana Sefu limekwisha. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza hilo kabla hata ya hali ya Mama. Lina orofa sita, na upande wa barabarani wote ni vioo vya bluu, watu wanasimama kujitazama na kurekebisha kofia. Kituliza chetu cha mtikisiko hakimo. Hakimo hata kimoja.

Mama hajambo, bado tuko mtaa uleule wa Kikuyu. Hitima yako tuliisoma kwetu Kondoa kwa Baba Mkubwa, watu walijaa. Wengi walikusifu kwa kusoma Ujapani, ila ulichosomea hawakukijua. Mzee mmoja akamwambia Mama kwamba binti yake alikuwa "daktari wa matetemeko." Sikujua nicheke au nilie, nikatoka nje.

Nina hasira, Dada. Najua marehemu huombewa dua, na dua nakuombea kila swala. Hapa niache niseme.

Kwanza walitutoa karakanani. Ulipolazwa, shirika lenye karakana lilikuwa linasubiri mnunuzi. Alipatikana. Matrekta yaliuzwa kama chuma chakavu, na pale uliposimamisha fremu yako ya majaribio pakawa ghala la mitumba. Huyo mnunuzi hakuwa mtu mbaya, aliniomba tu kwa adabu niondoe "hicho kichanja chenu." Kichanja! Nikaifungua bolti kwa bolti, nikaileta nyumbani kwa mkokoteni na kuisimamisha uani. Kesho yake nikakuta Mama ameanika sufuria juu yake.

Nakumbuka uliporudi ukanichorea kwa mkaa pale sakafuni. Silinda ya mafuta, pistoni ndani, kama shokapu ya gari, ila mafuta yanapita kwenye vali, na vali inabana na kuachia kwa umeme mdogo kadiri jengo linavyotikisika. Nikakuuliza kwa nini tusiweke mashine yenye nguvu ilisukume jengo lirudi mahali pake. Ukasema, "Usishindane na jengo, Rama. Linyime mwendo tu." Kisha ukaweka kikombe cha chai juu kabisa ya fremu, tukawasha mota ya kutikisa meza. Bila kituliza, chai yote ilimwagika. Ukajaza tena, ukakiunganisha kituliza, na chai ikawa inachezacheza tu kwenye ukingo wa kikombe. Ukaichukua ukainywa. Ilikuwa imepoa, ina vumbi la karakana, ukainywa yote huku unanitazama.

Bwana Sefu alikuja. Ile ahadi aliyokupa kabla hujaugua aliitimiza, akaja mwenyewe uani kwetu na mkandarasi wake, akamwamkia Mama, akakaa kwenye kigoda. Nikamwonyesha kama ulivyonionyesha, pamoja na chai. Akaniuliza swali ambalo ulisema ataliuliza: "Na umeme wetu huu ukikatika?" Nikachomoa waya wa betri ya kituliza, mota ikiwa bado inatikisa. Chai ilimwagika kidogo tu. Nikamweleza kwamba springi inaibana vali, kituliza kinabaki kama shokapu ya kawaida. Kinapoteza akili, hakigeuki adui. Akaishika fremu kwa mkono, akaniomba nirudie. Nikarudia.

Akasema, "Nimekuelewa, mdogo wangu. Na dada yako, Mungu amrehemu, alikuwa na kichwa. Lakini mpangaji akija ataangalia kinachoonekana. Hiki kitajificha ndani ya ukuta, nani atakijua?" Kisha akaanza kumuuliza mkandarasi habari za vioo.

Hapo ndipo paliponiumiza. Asingeelewa ningemtafutia njia nyingine. Mtu aliyeelewa vizuri na bado akakataa, unamfanyaje? Hukunifundisha hilo. Hata namna ya kuipanga vali isichelewe kubana hukumaliza kunifundisha. Kila nilipokuuliza pale hospitali ulisema, "Nikipata nafuu tutaongea." Figo zako zikakataa, nami nikabaki na fremu uani, kichwani nusu ya maelezo. Mimi ni fundi wa pampu za matrekta, Dada. Uliniacha katikati ya sentensi. Na wewe nimekukasirikia, nisamehe.

Ghorofa lilipokaribia kwisha, ardhi ikatikisika. Ilikuwa mchana, nami nilikuwa Makutupora nikitengeneza pampu ya maji shambani. Majani ya mizabibu yakatetemeka, na upepo hakuna. Niliacha spana palepale nikadandia lori kuja mjini. Nikakuta watu wamejaa barabarani wanacheka, wanasimuliana nani alitoka na taulo. Bwana Sefu aliponiona akanyoosha mkono juu. "Umeona? Limesimama!"

Lilisimama, ndiyo. Hata banda la kuku la jirani yetu lilisimama. Orofa za juu plasta ilipasuka kwenye pembe za madirisha, wakaja mafundi wakaziba na kupaka rangi, kwisha. Nikamwambia kwamba tetemeko dogo halijapima kitu, linapita tu kutukumbusha. Akanipiga bega, taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Nyuma yangu nikasikia mtu anasema nina husda. Husda, Dada! Namwonea mtu husda ya nyufa?

Lakini kuna jambo moja. Siku ile uani, Bwana Sefu alipotoka, mkandarasi alibaki nyuma. Akaniambia, "Asichotaka mwenye mali siwezi kukiweka. Ila naweza kuacha vyuma vya kushikia, na matundu ya bolti, mkipata nguvu mbele ya safari." Bwana Sefu akaridhia, mradi visionekane barabarani. Basi vipo. Kwenye nguzo za ngazi ya nyuma, kila orofa, vyuma viwili viwili vimechomoza kutoka kwenye zege. Vipimo ni vyako.

Wapangaji wanavitumia kuanikia nguo. Wiki iliyopita nikasikia fundi cherehani wa orofa ya tatu anataka kukata vya kwake, vimemchania shati la mteja. Nikapanda mbio. Nikamsihi, nikavizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli kwenye kingo. Akaniuliza ni vya nini. Nikamweleza yote, mafuta, vali, wewe. Alisikiliza huku anashona. Nilipomaliza akasimamisha cherehani.

"Sasa mbona hamji kukiweka? Mnakuja lini?"

Tangu uondoke hakuna mtu aliyewahi kuniuliza lini.

Nimeanza kuchonga silinda ya ukubwa halisi. Ya kwanza inavuja. Nimeitupa, nimeiokota tena. Nakuahidi vyuma vile havitakatwa nikiwa hai, na silinda ikishika mafuta nitaipandisha mwenyewe mpaka orofa ya tatu, halafu nikae mlangoni kwa Bwana Sefu mpaka achoke kuniona.

Pumzika, Dada. Mwenyezi Mungu akunawirishie kaburi lako. Mimi bado nimekasirika, na kazi naendelea nayo.

Mdogo wako,
Ramadhani