Skwea ya Baba

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na mgongo umepunguza ukorofi. Mimi mzima, ila vidole vimejaa malengelenge na kucha zimekuwa nyeusi kama za fundi baiskeli. Najua simu huipendi, unasema maneno ya simu hayakai, kwa hiyo naandika.

Mwaka wa kwanza wote tunashinda karakana. Baadaye tutalehemu, tutakereza, tutasubu, lakini mlango wa kuingilia ni tupa. Kila mwanafunzi anapewa kipande cha chuma, anakifunga kwenye jiliwa, anakisugua mpaka pande zote sita ziwe bapa na kila pembe iwe pembe kamili. Majaribio ni matatu. Ukishindwa yote unafungasha virago, na hakuna wa kumlilia.

Skwea za chuo, za kupimia pembe, ni nne, sisi tuko thelathini. Wenzangu wanazigombania kutwa nzima. Mimi natulia na yako, iko mfuko wa aproni muda wote. Nimewaambia ni ya fundi wa miaka ishirini na miwili. Mengine sikuwaambia.

Mwalimu tumembatiza Bwana Dirisha. Anachukua kipande chako, anaweka skwea yake juu ya pembe, anakiinua dirishani. Mwanga ukipita katikati, umeshindwa. Kwangu ulipita. Jaribio la kwanza ndiyo hivyo limekwenda na maji.

Niambie nakosea wapi, Baba. Ninaogopa.

Binti yako

•

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mgongo umenizoea na mimi nimeuzoea. Mama yako anauliza kama unakula. Mjibu, la sivyo ataniuliza mimi kila siku.

Mguu wa kushoto uwe mbele. Sukuma tupa kwa mwili wote, si kwa viwiko, na ukiirudisha usikandamize. Funga kipande katikati ya jiliwa, kisicheze. Kila ukisugua mara kumi, simama upime. Skwea ikikuonyesha mwanga, ondoa chuma kidogo. Mwanga ukiisha, umefika. Hiyo skwea nilipewa na fundi aliyenifundisha, na haijawahi kunidanganya.

Mambo yangu unayajua, ila sijawahi kukueleza kwa kinywa changu. Miaka saba iliyopita niliitwa ofisini mbele ya wenzangu. Mabamba yangu matatu yalikuwa mezani, yote yamekataa kukaa kwenye mashine, na hayakuwa ya kwanza. Msimamizi akasema, "Mzee, mkono umekwisha." Nikavua aproni, nikaja nyumbani, na tupa sijaishika tena. Ulipochaguliwa chuo nikasema haya, labda nyumba hii bado ina mkono mmoja mzima. Usiniangushe.

Baba yako

•

2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama mwambie ninakula. Ninadanganya, lakini mwambie.

Nimeshindwa la pili. Nilifanya yote uliyosema. Mguu wa kushoto, mwili wote, kila mara kumi nikapima. Kwa skwea yako hapakuwa na mwanga hata chembe, nikapeleka kipande nikiwa natabasamu peke yangu kama mwehu. Bwana Dirisha akakiinua, mwanga ukapita. Darasa zima liliuona.

Akakigeuza geuza, akakunja uso, akasema, "Cha ajabu, mkono mbaya hukosea kila mahali. Wewe unakosea palepale." Sikumwelewa. Nilikuwa nalia kwenye aproni.

Limebaki moja, tarehe kumi na tisa. Jana tupa iliniponyoka mara mbili. Baba, ugonjwa uliokuingia mikononi, unaweza kurithiwa? Nijibu ukweli. Kama ni hivyo, bora nije nyumbani mwenyewe kabla sijafukuzwa.

Binti yako

•

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo.

Unataka ukweli. Kama skwea inasema pamenyooka na mwalimu anasema pamepinda, basi jicho lako linaona unachotaka kuona, na mkono unalifuata. Mimi pia nilikuwa nikiapa mbele yao kwamba mabamba yangu yamenyooka. Niliapa mpaka wakanicheka. Mwisho nikakubali kwamba nimekwisha, nikapata angalau usingizi.

Kama unarithiwa, sijui. Maumbile ni yako, nimekupa mimi. Nisamehe.

Fanya hilo la mwisho. Ukishindwa, njoo. Chumba chako kipo, na hatutaulizana.

Baba yako

•

21 Machi

Baba,

Shikamoo. Naomba uketi kabla hujaendelea kusoma, na Mama awe karibu.

Asubuhi ya jaribio, Bwana Dirisha alipita kwenye meza yangu akanikuta napima. Akauliza, "Hiyo umeitoa wapi?" Nikamwambia ni ya baba yangu. Akaiomba. Akachukua bati lenye ukingo ulionyooka, akaegemeza skwea kwenye ukingo, akachora mstari. Halafu akaipindua upande wa pili, akachora tena kuanzia palepale. Mistari ilitakiwa ilale mmoja juu ya mwingine. Haikulala. Chini imekutana, juu imeachana, unene wa ukucha.

Skwea yako imepinda, Baba. Akanipa ya chuo. Nikasugua kwa saa nne bila kunyanyua kichwa. Nimefaulu.

Wenzangu walinibeba juu juu. Mimi nilikuwa nahesabu miaka.

Nilikuwa darasa la sita. Kila Jumamosi ulileta sanduku la vifaa nyumbani kuvipaka mafuta. Siku moja ulikuwa umetoka, nikaichukua skwea nipigie mistari daftari la hesabu. Nilikaa dirishani. Ikaniponyoka ikaanguka kwenye ngazi ya saruji, ikatoa mlio kama kengele. Nilipoiokota sikuona ufa wala kasoro. Nikaifuta, nikaipaka mafuta, nikairudisha kwenye sanduku. Niliogopa kuchapwa, basi. Nikasahau jioni ileile.

Mwaka uliofuata mabamba yako yakaanza kurudishwa.

Mkono wako haukuwa na kitu. Ulikuwa unafuata skwea niliyoiangusha mimi. Nimeandika barua hii mara tano na kila mara naichana. Sijui mtu anaombaje msamaha wa jambo kama hili.

Binti yako

•

18 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hamjambo?

Mwezi mzima sasa. Nikipiga simu Mama anasema umetoka, na wewe si mtu wa kutoka. Nikimuuliza umesemaje, ananiuliza kama ninakula.

Tumeanza kulehemu. Nafanya vizuri, na kila nikisifiwa natamani ardhi inimeze. Juzi nilifungasha nije, nikafika getini, nikarudi. Naogopa kufika usinitazame.

Nitukane, Baba. Andika tusi moja tu nijue umesoma.

Binti yako

•

12 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako mzima. Mimi nilikuwa sijui niko vipi, ndiyo maana sikuandika.

Sitakudanganya kwamba sikukasirika. Nilikasirika mpaka nikamfokea mama yako, ambaye hakuangusha kitu. Siku tatu sikula. Nilikuwa nakaa uani nikiwaza ningekuwa wapi leo, na kila nikifika mwisho naanza upya. Mtu niliyemkasirikia alikuwa mtoto wa darasa la sita, na hayupo tena, kwa hiyo sikuwa na wa kumchapa.

Halafu nikakumbuka jambo. Mwalimu wako alichofanya na bati, kupindua na kuchora, fundi yeyote anatakiwa akifanye kila mwanzo wa mwezi. Ni dakika mbili. Mimi nilikuwa nikiwafokea vijana wasiokifanya. Yangu sikuipindua miaka mingi, kwa sababu ilikuwa yangu, na nilishajiona mkubwa. Hata siku ile ofisini, ningeomba bati tu. Nikaapa badala yake. Wewe uliiangusha mara moja. Mimi niliacha kuipima kila mwezi.

Jirani yetu anayelehemu mageti ana jiliwa. Nilikwenda nikamwomba nafasi, pamoja na skwea yake. Niliipindua kwanza. Nimesugua kipande siku tisa, ndiko nilikokuwa baadhi ya siku ulizopiga simu. Siku ya kwanza tupa ilinishinda, jirani akajifanya hanioni.

Kipande kimo kwenye kifurushi hiki. Mpe Bwana Dirisha, usimwambie ni cha nani. Nataka kujua kama msimamizi alisema kweli. Akisema kimepinda, niandikie hivyohivyo. Usinifariji.

Baba yako

•

20 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mwambie Mama leo nimekula, na safari hii ni kweli.

Nilikaa na kipande chako siku mbili kabla ya kukipeleka. Nitakwambia kwa nini, na unichukie ukitaka. Nilikuwa naomba kiwe kimepinda. Kingepinda, ningekuwa nimeharibu kifaa tu, na mkono ungekuwa umekwisha wenyewe. Ningelala.

Leo asubuhi nilikiweka mezani kwa Bwana Dirisha. Akakiinua dirishani, pembe ya kwanza, ya pili, zote. Akavua miwani, akaifuta, akaanza upya. Wenzangu wakaacha tupa zao wakasogea. Akauliza, "Nani kafanya hiki?" Nikasema uliniambia nisiseme. Akasema, "Basi mwambie aje anifundishe."

Hakijapinda, Baba. Mwanga haupiti popote.

Nakuja Jumamosi. Nitaileta skwea.

Binti yako