Redio Niliyoianika Juu ya Mabati

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Leo nimeifuta vumbi redio yako, ile iliyopinda ubavu mmoja kama sahani ya plastiki iliyoachwa karibu na jiko. Haisemi tena, lakini nimekataa itupwe. Wewe na mimi ndio tuliojua ilivyopinda, na ulipotuacha nilibaki peke yangu na habari hiyo. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa hii ni wiki ya tatu umelala kwenye udongo wa Matinyani.

Baba alipoileta kutoka Mombasa alikokuwa akifanya kazi, hakukuwa na redio nyingine mlima mzima. Ukatuwekea sheria zako. Kwanza kusikiliza tu, mikono mapajani. Baada ya miezi kadhaa nikaruhusiwa kuipangusa kwa kitambaa kikavu. Nilipofika darasa la tatu ndipo uliponipa kazi ya mawe. Mawe ndivyo tulivyoziita betri, na yalipochoka tuliyatoa tukayaanika juu ya mabati ya jikoni, yakapata nguvu ya siku mbili tatu. Nilijivuna mno. Nilipanda ngazi na mawe yangu manne kama mtu aliyetumwa na serikali.

Siku ile ulikuwa umekwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Redio ilikuwa inanong'ona tu. Nikajiambia, kama jua huyapa mawe nguvu, si litaipa redio yenyewe nguvu zaidi? Nikaipandisha nzima juu ya mabati, nikaenda kuchota maji kwenye mchanga wa mto, nikawakuta wenzangu, nikasahau. Uliporudi ulinikuta nimeikumbatia, ya moto, imelegea ubavu, kimya. Nilingoja kiboko. Ukaketi chini vumbini na nguo yako ya kanisa, ukasema, “Nilikupa kazi nikakunyima sababu. Mwana wakwa, redio haichoki. Kinachochoka ni mawe.”

Ukaipeleka kwa fundi mjini Kitui, nayo ikakaa huko wiki tano. Ni katika wiki hizo nyanya, mama yako mzazi, alipofariki kule Kambu.

Hatukujua. Barua ya mjomba ilifika nyanya akiwa ameshazikwa, na kwa kuwa wewe hukupelekwa shule, mimi ndiye niliyekusomea. Aliandika: “Tulitangaza kwa redio siku mbili, saa ya matangazo ya vifo. Tulikungoja. Kwani redio yenu hulala?” Ukaniambia, “Soma tena hapo.” Nikasoma tena. Ukaikunja barua, ukaenda kutwanga mahindi ya muthokoi, na nilisikia mchi ukipiga kinu mpaka jua likatua. Hukunitazama kwa jicho la lawama hata mara moja. Heri ungenitazama.

Baba alipokuja Krismasi ulimwambia ni wewe uliyeisahau juani. Akakugombeza mbele yetu, nami nikanyamaza. Nilikuwa na miaka tisa, sawa, lakini mdomo nilikuwa nao.

Redio iliporudi tulianza upya, wewe na mimi, kila kitufe na sababu yake. Uliniuliza sauti ile inatoka wapi. Nikasema imo humo ndani. Ukatikisa kichwa. “Iko mbali. Ndiyo maana lazima mtu awe hapa kuisikia.” Nilidhani unanifundisha redio tu.

Halafu mwaka jana, mwaitu, uliniudhi kidogo, niseme ukweli. Ulikuja kwangu mjini ukamkuta Syombua wangu, huyu wa miaka sita mwenye jina lako, anayekuita susu, yaani nyanya, akibonyeza redio kaseti yetu ovyo, utepe wote umemwagika nje kama matumbo ya kuku. Ukaichukua taratibu mikononi mwake, ukaanza naye tangu kitambaa cha vumbi. Nikacheka. “Mwaitu, watoto wa siku hizi wanazaliwa wakijua hizi vitu.” Ukajibu bila kugeuka, “Kubonyeza wanajua. Nani amewaambia sababu?” Nilijua unakumbuka nini. Nikatoka nje, nikajifanya naenda kuanua nguo. Pale ndipo pa kukuomba msamaha, na sikuomba.

Ulipotuacha tulipeleka tangazo. Jioni hiyo nyumba ilijaa watu na hakuna aliyekumbuka saa. Syombua ndiye aliyeifungua redio kaseti yetu. Akasogeza mshale polepole kama ulivyomfundisha, akasimama kando yake, mikono nyuma. “Susu aliniambia kuna watu wako mbali wanangoja kusikia,” alisema. Jina lako likasomwa. Nililia mwaitu, nikalia kama mtoto, na mtoto mwenyewe ndiye aliyenishika mkono.

Dada yako mdogo wa Kambu alisikia. Alifika asubuhi ya maziko, viatu mkononi, miguu imejaa vumbi. Kaburi lilipokwisha kujazwa nilimwita kando, nikamwambia nilichokificha miaka yote hiyo, kwamba mimi ndiye niliyeianika redio.

“Sisi alituambia ni yeye,” akasema. “Kaka yetu, mjomba wako, alikataa kuongea na yeye mpaka akakufa. Na dada hakujitetea hata siku moja.”

Sikujua. Nilidhani ulinificha kwa baba tu. Kumbe kila ulipokwenda Kambu ukarudi umenyamaza, ulikuwa umetoka kukaa mlangoni kwa ndugu yako asiyekuitikia salamu, kwa ajili yangu. Nami nilikua, nikasoma, nikawa mwalimu wa kuwaandikisha watoto wa watu barua, na barua moja ya kwenda Kambu ilinishinda.

Mwezi ujao mama mdogo atanipeleka kwenye kaburi la mjomba. Nitasema pale kwa sauti ni nani aliyeiweka redio juani. Najua hatanisikia. Lakini Syombua atakuwepo, na redio hii iliyopinda atakuwa ameibeba yeye, na atasikia sababu.

Pumzika, mwaitu. Nisamehe redio, unisamehe na kimya changu, maana hicho ndicho kilichokuumiza zaidi.

Ni mimi, mwanao uliyembebea kosa lake.