Vipimo Vyote ni Vyake

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya neno lolote napenda kujua hali yako: goti linaendeleaje, na je, ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka kabatini ikusubiri uugue zaidi? Mimi mwili ni mzima. Kaka ameniarifu kwamba tangu uliporudi kutoka kwangu huna raha, na ukiulizwa unasema ni uchovu wa safari. Najua si safari. Naomba unistahimili, kwa maana jambo lenyewe halielezeki bila kuanzia mwanzo.

Wateja wako hucheka ukiwaambia kwamba binti yako amesomea kuzungumza na watu. Husema kazi hiyo hata wao wanaiweza, tena bure. Hawakosei sana. Niliianza sebuleni kwako, nikikushikia kitana, wakati wao wakimwaga yaliyo moyoni huku ukiwasuka. Wakishaondoka niliketi kama walivyoketi na kuhema kama walivyohema, nawe ukacheka mpaka machozi. Chuoni nilikuta jambo hilo lina jina: kuakisi. Ni sehemu ndogo tu ya mkabala jumuishi ninaoufuata, ambao haumlazimishi kila mtu kupita njia moja. Mmoja nitamwuliza habari za utoto wake. Mwingine tutachunguza pamoja kama mawazo yanayomtesa yana ukweli. Mwingine hana maneno kabisa, hivyo tunaanza na pumzi. Na kwa wote sihukumu, sitoi siri, wala simdanganyi aliyeketi mbele yangu. Fundi nitakayemtaja humu ameniruhusu nimtaje kwako.

Katika kuakisi, Mama, nilikuwa na kipaji ambacho wenzangu hawana. Mlinzi mmoja wa benki hakuweza kuingia kwenye lifti; nilikaa naye, nikahema naye, akapona. Wiki hiyohiyo nikaanza kupanda ngazi hadi ghorofa ya sita, na dada wa mapokezi akanitania kwamba bila shaka nina harusi ninayoipunguzia tumbo. Akaja muuza vitambaa aliyekuwa hawezi kutia kinywani kitu chochote cheupe. Akapona naye, akaniletea zawadi ya kitambaa. Mimi tangu siku ile maziwa nikiyaona nageuza uso.

Msimamizi wangu, ambaye sote tunamwita Mzee wa Miwani, aliligundua hilo kabla yangu. Alinifundisha kwamba kila mtu akitoka nisimame, nikung'ute mikono, nitaje jina langu kwa sauti na mahali ninapoishi, kisha ninawe. Alisema, binti, mzigo wa mtu mrudishie akiwa bado hajafika kwenye ngazi. Nilimwitikia kwa adabu, nikaona ni mambo ya kizee. Mkurugenzi alikuwa ameshanidokezea kwamba kitengo kipya kitahitaji mkuu, na waliopona mikononi mwangu ndio walionisemea. Sikutaka kukung'uta kitu.

Ndipo akaja fundi cherehani, kijana mpole, ameletwa na mama yake. Shida yake ilikuwa moja: alisema yule si mama yake. Hakupiga kelele wala hakumtukana. Alimwita “yule mama” na kumpisha njia. Aliniambia kwamba alimpima kwa siri, alipomshonea gauni, mabega, kiuno na mikono, na vipimo vyote ni vyake. Sauti na kovu la kidoleni navyo ni vyake. Nikamwuliza basi kasoro iko wapi. Akanisogelea, akanong'ona kwamba kasoro ni hiyo hiyo: waliomtengeneza huyu hawakukosea popote.

Mzee wa Miwani aliniagiza nisimchukue peke yangu, akataka daktari wa hospitali ahusishwe. Nilimchukua peke yangu. Nilishusha bega la kulia kama yeye, nikasugua kidole gumba na cha shahada kama mtu anayepima ulaini wa kitambaa. Siku moja, katikati ya ukimya, vidole vyake vikatulia. Vyangu vikaendelea. Mama yake akakohoa huko mapokezi, na kijana akainuka, akafungua mlango, akamwuliza, Mama, umefika saa ngapi? Mama wa watu akaangusha mkoba, chakula alichombebea kikamwagika sakafuni, na dada wa mapokezi akapiga vigelegele. Mimi nilisimama nyuma yao, nikamtazama yule mama akilia, na wazo likanijia kwa utulivu mkubwa: wamemtengeneza vizuri.

Jumapili iliyofuata ukaja wewe, bila taarifa, kunipongeza kwa cheo cha mkuu wa kitengo nilichopewa wiki ile.

Unakumbuka nilivyokupokea. Nilikuuliza habari za safari, nikasahau jibu, nikakuuliza tena, na wewe ukanitania kwamba cheo kimenipanda kichwani hadi nakusalimu kama mkaguzi wa shule. Ulinikalisha ukanisuka. Vidole vilikuwa vyako, na kile kiwimbo chako cha puani pia. Nywele zilinisimama kwa jinsi kila kitu kilivyokuwa sahihi. Mchana ukajilaza chumbani, na ulipotaka kutoka mlango haukufunguka. Nilikuambia kitasa ni kibovu. Mama, kitasa ni kizima. Nilikufungia mimi, nikasimama koridoni na ufunguo mkononi, nikiwaza ni nani wa kumpigia simu ili anieleze mama yangu halisi amepelekwa wapi.

Kisha ukaniita. Ulisema, mwanangu, fungua, usiogope, mimi sina haraka. Na papo hapo, kupitia ubao wa mlango, ulikuwa wewe. Nililia kwa furaha nikafungua, na akatoka yule mwanamke.

Jina la hali hii nalijua. Nililijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Nimemweleza Mzee wa Miwani kila kitu, amenipeleka kwa daktari, na cheo nimekikataa kwa maandishi. Dawa nimeanza, nayo itachukua muda. Njia ya haraka ipo: mtu akae nami kama nilivyokaa na fundi. Kuna mwanafunzi mpya ameniomba nimfundishe kuakisi, na ana kipaji. Juzi nilimwona ameshaanza kushusha bega. Mama yake humpigia simu kila adhuhuri, na kicheko chake akiongea naye husikika hadi chumba cha tatu. Nimemwambia asikae tena karibu nami.

Wasalimie kaka na wifi, na wateja wako wote waambie kazi hii si ya bure. Usiache kunipigia simu, na uniandikie kwa mkono wako. Na ukija, maana najua utakuja hata nikikukataza, usiingie. Simama nje ya mlango uongee nami chochote, bei za sokoni, majirani, chochote. Nitaweka kiti upande wa ndani, na kingine nimekwisha kukununulia cha huko nje, chenye mto wa kuegemea. Mlango tusiufungue mpaka mimi mwenyewe niombe.

Ni mimi, kitindamimba wako akupendaye.