Koti la Mzee Kalinga

Nyololo, Jumatano 14 Juni 2023
Asubuhi ilikuwa ya ukungu na manyunyu, baridi ya kung'ata masikio.

Dada Veneranda mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na watoto hamjambo huko Mbeya, na kifua cha Jackline kimepona. Mimi mwili mzima, ila moyo unachemka.

Jana kwenye simu uliniomba nimfichie siri shemeji Sosthenes, ukasema akivuliwa cheo nyumba yako imekwisha. Basi sikiliza tulivyomkamata Mzee Kalinga juzi, maana najua ulichosimuliwa si hiki.

Tulimfuata nyumbani kwake kwa wizi wa dizeli ya malori, shemeji akiwa kiongozi wetu. Clement, askari mgeni kituoni, alimfunga pingu mikono nyuma kama tulivyofundishwa: pingu kwanza, kisha kupekua mwili, na nguo yoyote anayopewa mtuhumiwa ikaguliwe kabla hajaigusa. Alipoanza kupapasa mifuko, shemeji alimfokea kwamba mzee wa kanisa hapekuliwi mbele ya mkewe, akamuuliza kama kwao hawafundishwi adabu.

Mzee akalalamika baridi. Akasema hawezi kupitishwa mbele ya majirani bila koti kama mwizi wa kuku. Shemeji akacheka, akamwambia kesi ya kuku hana, akalitungua koti nyuma ya mlango. Nikasema likaguliwe. Akaniita bibi mwongozo, akaniambia nikahubiri Jumapili. Na kwa kuwa koti halivaliki mikono ikiwa imefungwa, akafungua pingu. Yeye mwenyewe, dada, kwa ufunguo wake!

Mfuko wa ndani ulikuwa na kisu cha kukatia mipira ya kunyonyea mafuta. Clement alikatwa mishipa ya vidole vitatu kabla hatujamlaza mzee chini. Sasa taarifa ya shemeji inasema Clement ndiye aliyefungua pingu, bila ruhusa, na anatakiwa afukuzwe kazi. Mtu yuko kitandani amefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, halafu anaandikiwa uzembe usio wake! Adabu gani hiyo?

Dada, kuna jambo shemeji hakukwambia, nami kwenye simu nilishindwa kulitamka. Kisu hakikumlenga Clement. Kilikuwa kinakwenda shingoni kwa mumeo, na Clement akakidaka kwa mkono mtupu.

Maelezo yangu nimeshayakabidhi leo mchana, yote, pamoja na ufunguo ulikuwa wa nani. Ukinikasirikia nitavumilia. Lakini ukija kumwona mumeo, pitia kwanza hospitali. Clement analishwa uji na mama yake. Msalimie mama huyo, umwambie wewe ni mke wa nani.

Wabusu watoto, na majirani wote wa hapo uwape salamu zangu.

Mdogo wako akupendaye,
Yudith

Alhamisi asubuhi: usingizi ulinipata saa tisa usiku. Nimeisoma tena barua hii, sikubadili neno.