Udongo wa Bahati Haufiki Malindi

Mama Wanjiru wangu,

Kalamu naishika kama jembe, unajua, lakini haya siwezi kukwambia kwa simu, Wanjiru na bwanake wakisikiza.

Ulienda Malindi kumsaidia na mtoto, ukasema utarudi viazi vikichanua. Vimechanua, vimechimbwa, na bado ukinipigia ni Pwani tu. Ati Gede kulikuwa na mji wa mawe, misikiti na visima, watu wakahama wakaachia nyani. Ati Mreno alisimamisha nguzo yake pale juu ya bahari. Ati bahari inaondoka na kurudi kila siku. Mimi siondoki kabisa, na hunisifu!

Hata sisi si watu wa jana. Pale Hyrax Hill, hapa kwetu Nakuru, watu wa kale walichonga bao kwenye mwamba. Menengai ni shimo la volkano la kumeza huo mji wako pamoja na nguzo. Na kiazi changu kimoja kinajaza sufuria, uliza watu wote wa hapa Bahati.

Unakumbuka ile mvua ya kwanza tukihamia hapa? Shamba lilikuwa linateremka likiwa jekundu, wewe umepiga magoti kwa matope ukipanda nyasi za kulizuia, mimi nimesimama mlangoni.

"Baba Wanjiru, udongo wetu unaenda wapi?"

"Baharini. Wacha uende, tuko nao mwingi."

Ulicheka mpaka ukakaa chini kwa hayo matope.

Sasa juzi ukaniambia umesimama pale Mto Sabaki unaingia baharini, maji ni mekundu, umekanyaga udongo wa bara. Nilifurahi! Nikatangazia watu wote pale posho mill tunaposagia mahindi kwamba shamba langu limemfikia bibi yangu. Kamau mwenye mashine akazima injini ndio anicheke vizuri.

"Mzee, maji ya huku hayatoki. Yanaishia ziwani Nakuru. Hayo ya Sabaki yametoka Kiambu."

Nilimwita mjinga. Lakini nilishuka mpaka ziwani kujionea. Limefura, limemeza fensi na miti, na kweli halina mlango. Maji yetu yanakaa tu hapo yakivimba. Kama mimi.

Kiambu, Mama Wanjiru! Kwa yule seremala aliyekutaka kabla yangu! Udongo wa shamba lake umepita katikati ya vidole vya miguu yako, na wangu mimi bwanako uko huku. Hiyo sikubali.

Niliapa mbele ya watu kwamba Pwani sitakanyaga, joto na mbu. Kiapo kilikuwa changu, nimekivunja mwenyewe. Nakuja. Nimefunga gunia la viazi vikubwa na sijaviosha, usiniulize kwa nini. Utaviosha wewe, hapo uani kwa Wanjiru, bila viatu.

Mimi bwanako, wa kwanza na wa mwisho,
Baba Wanjiru